Umetoka kwenye usaili: barua pepe, WhatsApp, simu, kwenda mwenyewe au kusubiri?

Usaili umeisha, mmepeana mikono, umeambiwa "tutakupigia". Wiki imepita na simu haijalia. Nyumbani wameanza kuuliza. Kuanzia hapo watu huelekea pande mbili: mmoja hupiga simu kila kukicha mpaka dada wa mapokezi anaijua sauti yake, mwingine hunyamaza kabisa kwa kuogopa kuonekana ana shida. Nimewaona wa pande zote mbili wakiikosa kazi waliyokuwa wameshaikaribia, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichohitajika kilikuwa ujumbe mmoja tu, kwa mtu anayehusika, kwa njia anayoitumia.

Nimekaa upande wa wanaouliza maswali, kwa hiyo niseme mapema: kufuatilia hakumfanyi aliyeshindwa ashinde. Alama zako zimejazwa kwenye fomu kabla hujafika kituo cha daladala. Ila kati ya walioshinda na walioshindwa wapo waliokwama katikati. Yupo aliyeshika nafasi ya pili, huku wa kwanza akivutana na mwajiri juu ya mshahara. Yupo ambaye mdhamini wake hapokei simu. Yupo aliyekosea tarakimu moja ya namba yake kwenye wasifu, na ofisi imempigia mpaka imechoka. Ipo pia nafasi iliyosimama kwa sababu mwenye kusaini yuko safarini. Hao ndio ambao ufuatiliaji huwaokoa, na hao ndio ninaowaandikia.

Kanuni ninayoisimamia ni moja: rudi kwa njia waliyokuitia. Aliyekuita kwa barua pepe mwandikie barua pepe. Aliyekupigia kwa simu yake ya mkononi amekupa ruhusa ya kumpigia. Aliyekwambia "pita ofisini kesho" hatashangaa kukuona tena. Kanuni hiyo ina mahali inapovunjika, na hapo ndipo penye kazi ya kuchagua.

Kuuliza mezani kabla ya kuondoka, au kuondoka kimya

Kabla ya kulinganisha simu na barua, linganisha watu wawili wanaotoka chumba kimoja cha usaili. Wa kwanza, alipoulizwa "una swali?", alisema hana. Wa pili alisema: "Naomba kufahamu majibu yanatarajiwa lini, na nikihitaji kuulizia, niwasiliane na nani na kwa njia gani?"

Wote wawili watakaa wiki mbili bila majibu. Tofauti ni kwamba wa kwanza hajui kama wiki mbili ni nyingi au chache. Akipiga simu anabahatisha, na sauti yake inasikika hivyo. Wa pili ana tarehe, ana jina, ana njia aliyopewa. Akiuliza siku tatu baada ya tarehe ile kupita, anafuatilia walichosema wenyewe, na hakuna anayeweza kumwona msumbufu. Sijawahi kukutana na msaili aliyechukizwa na swali hilo. Wengi hulifurahia, kwa kuwa linaonyesha mtu anayepanga mambo yake.

Kama ulisahau kuuliza, bado una nafasi ukiwa mapokezi unarudisha kitambulisho cha mgeni. Muulize dada au kaka aliyepo pale jina la afisa utumishi na barua pepe ya ofisi. Na kama umetoka mbali kwa ajili ya usaili, tuseme umesafiri kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam au kutoka Lodwar hadi Nairobi na umefikia kwa ndugu, waambie mezani: "Niko mjini hadi Ijumaa, hatua inayofuata ikiwa baada ya hapo, naomba nijulishwe mapema ili nijipange na safari." Watu wengi huona aibu kulisema hili. Wanakaa kwa shangazi Mbagala wiki tatu, wanakula wasichokichangia, wakisubiri simu ambayo ofisi haikuwa na haraka nayo kwa sababu haikujua kuwa kuna mtu anayesubiri mjini. Siku hizi usaili wa pili unaweza kufanyika kwa video, na ofisi nyingi hukubali zikiombwa kwa adabu.

Barua pepe na WhatsApp

Kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, benki, kampuni kubwa na ofisi za kimataifa, barua pepe inaishinda WhatsApp kwa mbali. Sababu ni utendaji wa ofisi zenyewe. Afisa rasilimali watu akipokea barua yako anaweza kumtumia meneja wa idara pamoja na neno lake moja juu: "huyu anaulizia". Barua inakaa pamoja na maombi yako ya awali, na mtu mwingine akikaimu nafasi yake ataikuta. Ujumbe wa WhatsApp hukaa kwenye simu ya mtu mmoja, kati ya kundi la harusi na kundi la wazazi wa darasa la pili. Ukiingia saa tatu usiku, umeshamwingilia nyumbani kwake.

Jibu juu ya barua ile ile waliyokuitia kwenye usaili, usianze mpya. Hivyo anayeifungua anaona mazungumzo yote bila kutafuta. Lugha ifuate tangazo: likitolewa kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza, hata kama usaili wenyewe uliingia Kiswahili katikati. Likitolewa kwa Kiswahili, hakuna sababu ya kuhangaika. Mfano ninaoupenda ni huu:

*Ndugu Afisa Rasilimali Watu,*

*Habari za kazi. Nilifanya usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi ofisini kwenu Jumanne tarehe 4 Machi, saa tatu asubuhi. Nilielezwa kuwa majibu yangetolewa ndani ya wiki mbili. Naomba kufahamu kama mchakato bado unaendelea na kama kuna nyaraka mnayoihitaji kutoka kwangu.*

*Mdhamini wangu wa pili amebadilisha namba ya simu; mpya nimeiandika hapa chini. Mimi napatikana kwa namba ile ile iliyo kwenye wasifu wangu.*

*Asanteni kwa muda wenu.*

Barua hii ina swali moja na ina kitu kimoja kinachomsaidia anayeisoma, yaani namba mpya ya mdhamini. Haielezi shida za nyumbani, haimkumbushi mtu kwamba umesoma sana, haiombi huruma. Jina la nafasi, siku na saa vimo, kwa sababu ofisi inaweza kuwa imesaili watu wa nafasi nne wiki ile ile. Kama huna habari mpya ya kuongeza, usiitunge. Swali peke yake linatosha.

Vipi kuhusu barua ya shukrani siku moja baada ya usaili? Kwenye mashirika ya kimataifa na kampuni zinazoendeshwa kwa mtindo huo, mistari mitatu ya shukrani inapokelewa vizuri, hasa ukigusa jambo mlilozungumza. Kwenye duka la jumla Kariakoo au gereji ya Gikomba, mwenye biashara ataiona ni kitu kigeni. Meseji ya "Asante kwa muda wako leo, bosi, nipo tayari kuanza wakati wowote" inafanya kazi ile ile. Serikalini usijisumbue nayo.

WhatsApp ina mahali pake, na ni pengi. Saluni, migahawa, hoteli ndogo, shule binafsi, kampuni changa za vijana, miradi ya ujenzi: huko ajira nzima inaweza kuendeshwa kwa WhatsApp, kuanzia tangazo hadi siku ya kuripoti. Kama ndiko ulikoitwa, rudi huko huko, lakini uandike kama unayeandika ofisini. Anza na salamu inayomfaa: aliye mkubwa kwako kwa umri, hapa Tanzania, shikamoo haijawahi kumharibia mtu kazi. Jitambulishe kwa jina kamili na nafasi uliyoomba katika ujumbe ule ule wa kwanza. "Mambo" kisha kunyamaza ukisubiri ajibu ni kumpa kazi ya kukuuliza wewe ni nani. Usitume ujumbe wa sauti, kwani anayepokea anaweza kuwa kikaoni. Kumbuka pia kwamba ukimwandikia mtu anaweza kuiona picha ya akaunti yako na, kama mmehifadhiana namba, stetasi zako.

Tiki za bluu zikitokea na jibu lisije, usiandike "naona umesoma". Ameisoma akiwa foleni ya benki. Mpe siku tatu za kazi, kisha badilisha njia.

Simu na kwenda mwenyewe

Simu inaishinda barua pepe kwa jambo moja: inakupa jibu papo hapo, na katika sauti ya anayejibu unaweza kupima hali. "Bado tunamsubiri mkurugenzi" ni jibu tofauti kabisa na "kama hukupigiwa basi". Lakini simu humkamata mtu akiwa na jambo lingine mkononi, kwa hiyo wakati wa kupiga una uzito kuliko maneno yenyewe. Mimi hushauri kati ya saa nne na saa sita mchana, Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu asubuhi ofisi nyingi ziko kwenye vikao. Siku za mwisho wa mwezi anayehusika na ajira mara nyingi ndiye huyo huyo anayefunga mishahara, na hana nafasi nawe. Zanzibar, Mombasa na Pwani yote, Ijumaa kuanzia saa sita usipige. Na katika Ramadhani ofisi nyingi hufunga mapema, basi asubuhi ndiyo saa yako. Wiki ya mwisho ya Desemba na ya kwanza ya Januari ni ya mapumziko kwa kampuni nyingi binafsi. Kimya cha siku hizo usikihesabu.

Weka salio la kutosha kabla ya kupiga. Usimbipu mwajiri, na usipige ukiwa kwenye bodaboda au ndani ya daladala. Mazungumzo yenyewe yawe mafupi:

— Habari za asubuhi, dada. Naitwa (jina), nilifanya usaili wa udereva kwenu Jumatano ya wiki iliyopita. Naomba kuongea na ofisi ya rasilimali watu kama wana nafasi.

— Wako kikaoni, kaka. Ulikuwa unasemaje?

— Nilikuwa naulizia kama majibu ya usaili wa udereva yameshatoka.

— Bado, nadhani.

— Sawa, nashukuru sana. Unanishauri niulize tena lini?

— Jaribu wiki ijayo, Jumatano.

— Haya, asante dada. Kazi njema.

Swali la "niulize tena lini" ndilo linaloitengeneza simu nzima. Limekupa tarehe nyingine, na Jumatano ukipiga unapiga kwa ruhusa. Dada wa mapokezi naye mheshimu kwa dhati. Kuna ofisi ambazo msaili, baada ya kumaliza orodha, humuuliza yeye jinsi wasailiwa walivyoingia na walivyosubiri.

Kwenda mwenyewe ni ghali kuliko njia zote. Nauli, nusu siku, pengine kupiga pasi shati kwa mara ya pili wiki hiyo. Kwa hiyo nenda pale tu ambapo kuonekana kwako kuna maana kwa mwajiri. Viwandani, kwenye maeneo ya ujenzi, bohari, gereji, migahawa na hoteli, msimamizi anahitaji mtu leo. Anayesimama mbele yake na vyeti mkononi ana nafasi kuliko aliye kwenye simu. Hoteli za Zanzibar ni mfano mzuri. Masika ya Machi hadi Mei wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati, na ajira husimama. Kuanzia Juni wageni hurudi, na idara za jikoni na vyumba zinahitaji watu haraka. Aliyesailiwa Aprili na kuambiwa asubiri, akapita Nungwi au Kiwengwa mwishoni mwa Mei na nakala za vyeti vyake, amekwenda kwa wakati wake. Angekwenda wiki moja baada ya usaili, angerudi na jibu la "bado". Shule binafsi za Tanzania nazo zina kalenda yake: muhula wa kwanza huanza Januari, na mwalimu aliyesailiwa Novemba akipita shuleni wanafunzi wanapofunga Desemba anamkuta mkuu wa shule akipanga ratiba.

Kwenye benki, ubalozi, ofisi za Umoja wa Mataifa au kampuni iliyoko ghorofa ya kumi na mbili Upper Hill, Nairobi, safari hiyo haina faida. Mlinzi atakuambia uache barua getini, na barua ya getini huchelewa kuliko barua pepe. Ukienda popote, kaa mapokezi kwa dakika chache tu, acha nakala zako na namba yako, kisha uondoke. Kukaa tangu asubuhi hadi jioni ukisubiri bosi atoke kunawaweka watu wa ofisi katika hali ngumu, hata kama hawatasema.

Kwa anayetaka kuona yote kwa pamoja:

| Uliitwa vipi | Anza na | Usipojibiwa | Epuka |
|---|---|---|---|
| Barua pepe ya shirika, benki au kampuni kubwa | Kujibu juu ya barua ile ile | Simu ya ofisi baada ya siku tano za kazi | Namba binafsi ya msaili |
| Simu ya mkononi ya mwenye biashara | Meseji fupi | Kumpigia, mchana | Kupita dukani kila siku |
| Kwa mdomo au getini | Kwenda, na nakala za vyeti | Simu ya mapokezi | Barua pepe ndefu |
| Mfumo wa ajira serikalini | Kusoma akaunti na matangazo | Kuandika kwa ofisi yenyewe | Kumtafuta msaili |
| Wakala wa ajira | Wakala huyo huyo | Wakala, kwa maandishi | Kumruka na kwenda kwa mwajiri |

Serikalini mambo ni mengine

Hapa ndipo kanuni yangu inapobadilika, na ni hapa ninapoona vijana wakipoteza pesa nyingi. Tanzania Bara, nafasi nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Usaili wake unaweza kuwa na mchujo wa kuandika, wa vitendo na wa mahojiano, na matokeo hutolewa hadharani. Majina ya walioitwa kazini hutangazwa, nao hutakiwa kuripoti kwa mwajiri wakiwa na vyeti halisi ndani ya muda ulioandikwa. Waliofaulu lakini nafasi hazikutosha huwekwa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya majina yao, na wanaweza kupangiwa kituo cha kazi baadaye nafasi inayofanana ikipatikana, bila usaili mwingine. Zanzibar ina utaratibu wake, na Kenya ina Tume ya Utumishi wa Umma na, kwa walimu, TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu.

Kwa mfumo wa namna hii, kufuatilia maana yake ni kuingia kwenye akaunti yako na kusoma matangazo hadi mstari wa mwisho. Kumpigia msaili hakusaidii, kwa kuwa hata yeye hana mamlaka ya kulitoa jina lako kwenye orodha moja na kuliingiza kwenye nyingine. Kazi kubwa uliyo nayo ni kulinda mawasiliano yako: laini ya simu uliyoandikisha iwe hai, nywila ya barua pepe uikumbuke, na taarifa zikibadilika uzihuishe kwenye akaunti. Mtu aliye kwenye kanzidata anaweza kusubiri miezi mingi, na katika miezi hiyo laini isiyotumika inaweza kufungwa. Ajira za serikali pia hutegemea vibali na bajeti, na mwaka wa fedha wa Tanzania na Kenya huanza tarehe 1 Julai. Kimya cha Mei na Juni kinaweza kuwa hesabu za Hazina tu.

Ukiona majina yametangazwa na lako limeandikwa vibaya au namba ya cheti si yako, hapo andika mara moja, kwa barua rasmi, kwa ofisi iliyotoa tangazo. Hilo ndilo jambo la kufuatilia serikalini.

Mtu wa ndani, na mtu anayejifanya wa ndani

Wengi wana binamu, jirani au mwanafunzi mwenzao anayefanya kazi pale walipoomba. Kumtumia au kutomtumia? Kuna maswali mawili tofauti hapa. Kumuuliza "nafasi ile imeshajazwa, au bado mnasaili?" ni kuuliza habari, na kwenye kampuni binafsi hakuna ubaya, ilimradi jibu lisimhatarishe. Kumwambia "nisemee kwa bosi" baada ya usaili ni kuomba asukume, na mimi nakushauri uliache. Matangazo ya kazi ya umma nchini Kenya husema waziwazi kwamba kutafuta ushawishi kwa namna yoyote kutamwondoa mwombaji. Hata kwenye kampuni binafsi, msaili aliyekupa alama nzuri akianza kupigiwa simu kwa ajili yako, anaanza kujiuliza ulikuwa na wasiwasi gani.

Mbaya zaidi ni mtu anayekutafuta yeye. Anajua jina lako na nafasi uliyoomba, pengine kwa kuyaona kwenye orodha iliyotangazwa, anasema jina lako limebaki kidogo liingie, anataka pesa ya "faili" au ya vipimo vya afya itumwe kwa namba ya simu. Mwajiri wa kweli hatozi pesa ili akupe majibu ya usaili. Usitume hata shilingi elfu tano, na usimtumie picha ya kitambulisho chako.

Na kuna jambo ambalo mabinti hasa hukutana nalo: umepiga simu kuulizia majibu, na aliyekusaili anajibu "tuonane jioni tuongelee vizuri". Usaili hauendelei hotelini usiku. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Mjibu kwa maandishi kwamba uko tayari kufika ofisini saa za kazi, hifadhi meseji zake, na piga simu TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, ambayo ni ya bure. Kenya kazi hiyo ni ya EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Hakuna kazi inayostahili bei hiyo, na aliyeiomba anajua hivyo.

Wanaopitia wakala

Hapa ni kifupi. Wakala ndiye aliyekupeleka, basi muulize wakala. Ukimruka na kumpigia mwajiri, unaonekana huwezi kufuata utaratibu, na wakala anaweza kukuondoa kwenye orodha zake zote. Kwa waliosailiwa kwa video kwa kazi za Oman, Dubai au Qatar, kila jibu lidai kwa maandishi: nani mwajiri, mshahara kiasi gani, mkataba wa muda gani. Simu ya "jiandae, ndege ni wiki ijayo" bila mkataba uliousoma usiitegemee.

Kusubiri au kusukuma, pale ofa nyingine inapokuja

Kwa kawaida nasema mara mbili zinatosha: mara ya kwanza siku mbili tatu za kazi baada ya tarehe waliyoitaja, ya pili wiki moja hadi mbili baadaye (kwa WhatsApp, siku tatu za kazi), kwa njia nyingine. Kama hawakutaja tarehe, hesabu siku saba hadi kumi za kazi tangu usaili. Baada ya hapo endelea kuomba kwingine na usiifunge safari yako kwa ofisi moja.

Kuna hali moja inayovunja hesabu hiyo. Umesailiwa sehemu mbili, na ile usiyoipenda sana imekupa barua ya ajira ya kujibu kabla ya Ijumaa. Hapa usisubiri na usiandike barua pepe pekee. Piga simu kwa ile unayoitaka, siku hiyo hiyo, kisha thibitisha kwa barua: "Nimepata ofa sehemu nyingine ninayotakiwa kuijibu ifikapo Ijumaa. Nafasi ya kwenu ndiyo ninayoipendelea, na ningeshukuru kujua kama mnatarajia kuamua kabla ya siku hiyo." Usitaje kiasi cha mshahara wa ofa ile na usiitaje ofa ambayo haipo, waajiri wa mji mmoja hufahamiana. Nimeona ofisi iliyokuwa na faili mezani kwa wiki tatu ikaamua kwa siku moja kwa sababu ya simu ya namna hii. Nimeona pia zikijibu "hatutaweza", na mtu akaenda kusaini kule kwingine akiwa na moyo mweupe.

Wakikukatalia, njia inayobaki ni moja, nayo ni barua pepe au meseji kwa maandishi. Simu huwafanya wajitetee. Uliza ni eneo gani moja ungeweza kulifanyia kazi, na kama watakufikiria nafasi ikitokea tena. Wengine siku hizi huanza kwa kutaja sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinampa mtu haki ya kuomba kujua taarifa zake anazozihifadhi mwingine. Haki hiyo ni yako, lakini ukiitanguliza, barua yako inapelekwa kwa mwanasheria wa kampuni badala ya kwa mtu aliyekusaili. Omba kwa adabu kwanza. Sheria iweke kwa siku utakapokuwa na sababu ya kuamini kwamba umeonewa, na siku hiyo iandike kikamilifu, pamoja na tarehe ya usaili, jina la nafasi na nakala ya kila ujumbe uliokwisha kutuma.